Kuchora ufuo kwa rangi zilizotengana: la kujifunza kwa Matisse

Anayetaka kuchora watu wanaopumzika ufukweni bila rangi kupooza, autazame kwa makini mchoro wa Mfaransa Henri Matisse uitwao Luxe, calme et volupté, uliojengwa kwa miguso ya brashi ya rangi safi iliyowekwa kando kando bila kukorogwa. Aliuandaa Saint-Tropez, kusini mwa Ufaransa, kiangazi cha 1904 alipokuwa karibu na mchoraji mwenzake Paul Signac, akauchora Paris majira ya baridi yaliyofuata. Una sentimita 98.5 kwa 118.5 tu. Kuna wanawake waliotoka kuoga, kitambaa cha chai kimetandikwa chini kushoto, mwanamke mwenye kofia, mtoto aliyejifunika taulo, msonobari upande wa kulia na mashua ambayo foromali yake (mti unaoshikilia tanga) imelala mshazari. Nchi kavu ni waridi, nyekundu na chungwa; baharini kuna zambarau na njano.

Mara nyingi tunaambiwa kwamba katika mtindo huu jicho ndilo linalochanganya rangi. Hebu tupime. Jicho lenye afya hutofautisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya kama sehemu 1 ya 60 ya digrii, yaani karibu milimita 1 ukiwa mita 3. Nukta ya milimita 3 itayeyuka, yaani itachanganyika machoni na jirani zake, ukirudi nyuma kama mita 10. Mguso wa sentimita 1 unadai zaidi ya mita 30, na hakuna sebule ya namna hiyo. Miguso ya Matisse ni mipana, mfano wa vijitofali, kwa hiyo haiyeyuki. Kazi yake ni kuchocheana: chungwa huifanya buluu ya jirani yake ionekane buluu zaidi. Mkemia Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris, alilieleza jambo hilo mwaka 1839.

Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu. Wanapanga vinukta vya buluu na njano wakitarajia kijani, wanapata kijivu, kwa sababu jicho huchukua wastani wa mwanga wa vinukta, na mwanga huo haufanyi kama rangi mbili zilizokorogwa pamoja. Ukitaka kijani, weka kijani chenyewe, kisha uchomekee buluu na njano pembeni.

Kwa turubai ya sentimita 40 kwa 50, paka kwanza msingi mweupe mara mbili na uusugue kidogo kwa msasa laini. Chora umbo lote kwenye karatasi ya ukubwa uleule, toboa mistari kwa sindano, kisha gongagonga kifuko cha unga wa mkaa juu yake ili alama zipenye. Usiruke hatua hii; mtindo huu hauna nafasi ya kusahihisha mkono au bega katikati ya kazi. Tumia brashi bapa ya milimita 6, kila mguso uwe na urefu wa kama milimita 11, na uache milimita 2 za weupe katikati. Utahitaji karibu miguso 2,000. Weupe huo ni mwanga wa picha. Ukiuziba wote, picha inakuwa nzito.

Acha nyeusi na kahawia. Kila rangi ichanganywe na nyeupe au na jirani yake tu: njano na chungwa, buluu na zambarau. Rangi zinazopingana, kama nyekundu na kijani, zisigusane zikiwa mbichi, la sivyo unapata tope. Akriliki inafaa kwa sababu hukauka upesi. Rangi ya kopo ya kupaka milango hujitandaza kabla ya kukauka, na kingo za miguso hupotea. Tenga brashi moja kwa njano na chungwa, moja kwa nyekundu, moja kwa buluu na kijani.

Kabla ya kuendelea mbali, piga picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mchanga na bahari vikionekana kijivu kimoja, rangi zako zitang'aa lakini mandhari itasambaratika. Fanya rangi za upande mmoja ziwe na giza zaidi.

Miili ndiyo kazi ngumu. Matisse mwenyewe alimwandikia Signac mwaka 1905 kwamba uchoraji wa mistari na upakaji rangi vilipingana katika mchoro huu, na kweli mistari ya viungo inaikata miguso ghafla. Afadhali ukingo wa mwili utokee pale rangi inapobadilika. Ukihitaji mstari, uwe wa buluu au zambarau na ukatikekatike. Ngozi nyeusi inapendeza mno kwa mtindo huu: zambarau na buluu kivulini, nyekundu katikati, chungwa na waridi panapopigwa na jua.

Chagua saa kwa makini. Mombasa na Dar es Salaam zinatazama mashariki, kwa hiyo jua la chini juu ya maji lipo asubuhi mapema. Jioni jua liko nyuma yako na bahari inabaki samawati. Kwa machweo juu ya maji, nenda upande wa magharibi wa Unguja, kama Forodhani. Saa sita mchana vivuli vinakuwa chini ya miguu, na zambarau inakosa pa kukaa.

Ukimaliza, itundike mahali mtu anapoweza kusogea hadi mita 1 na kurudi nyuma hadi mita 4, mbali na balbu ya manjano, kwa kuwa hiyo huizima zambarau kabla ya rangi nyingine.