Alama zikiisha Jumatano, Alhamisi atajali nini?

SWALI: Mimi ni mlezi katika shule ya maadilisho. Kila kijana huanza wiki na alama 100, akikosa tunamkata. Jumamosi, mwenye 70 kwenda juu anacheza mpira na kutazama runinga. Ikifika Jumatano wengi wameshaishiwa, na vurugu ndipo zinapoanza. Aliyezidi tunamnyima simu ya nyumbani. Tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu mlezi, vijana wako hawajashindikana. Aliyeishiwa Jumatano hana tena cha kupoteza wala cha kuchuma, kwa hiyo adhabu yenu haimgusi.

Geuzeni daftari: aanze na sifuri, achume. Alama itolewe palepale na itaje tendo. "Ametukanwa foleni ya chakula, akaondoka bila kurusha ngumi: tano." Ukiandika "nidhamu nzuri" hajui arudie nini. Kwa mgeni, Jumamosi ni mbali mno. Alipwe jioni ileile, hata kwa nusu saa ya bao. Achievement Place, nyumba ya kulea vijana watukutu iliyoanzishwa Kansas, Marekani, mwaka 1967, ilikwenda hivyo: mgeni alibadilisha alama zake kila siku, akizoea kila wiki, na mwishowe aliishi bila alama kabisa. Hilo la mwisho msilisahau, maana nyumbani kwao hakuna daftari.

Kukata alama kubaki, ila kuwe kidogo, kijulikane mapema, na arudishiwe sehemu akirekebisha alichoharibu. Mkitamka kwamba mtakata, kateni kweli. Palepale Kansas ilionekana kwamba vitisho visivyotekelezwa vilipoteza nguvu haraka.

Simu acheni kabisa kuigusa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru, kanuni ya 67, zinakataza kuwaadhibu kwa viboko, kuwafungia peke yao, kuwapunguzia chakula au kuwazuia kuwasiliana na familia. Nimewahi kukaa na kijana aliyenyimwa simu wiki mbili. Aliniuliza swali moja tu: "Mama anajua niko hai?" Mama huyo ndiye atakayempokea akitoka, mkikata uzi huo mtamkabidhi kwa nani?

Anzeni na bweni moja. Na mlezi wa zamu ya usiku awepo mnapopanga bei za alama, kwa sababu asipozikubali, mliyojenga mchana yatabomoka saa nne usiku.