Baada ya farasi kurukia g5

SWALI: Katika mechi ya timu ya sataranji (chesi) dhidi ya klabu jirani nilicheza kete nyeusi kwenye ubao wa pili. Mpinzani alianza kwa kusukuma kitunda (askari mdogo wa mbele) hadi mraba wa e4, nami nikajibu kwa kitunda e5. Akatoa farasi f3, nami nikatoa wangu c6. Akaleta askofu c4, nikatoa farasi wa pili f6. Farasi wake akarukia g5, nikasukuma kitunda d5, akakila, nikala kwa farasi, naye akamtoa farasi wake mhanga kwenye f7. Nilifungwa, na timu ikashindwa kwa pointi 2.5 kwa 1.5. Je, niuache ufunguzi huu, yaani hatua hizi za mwanzo?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Usiuache, kwa kuwa kilichokuponza ni hatua moja tu, ile ya kula d5 kwa farasi. Mfalme mweusi akishamla farasi wa f7, malkia mweupe huenda f3 na kumtishia mfalme pamoja na farasi wa d5 kwa mpigo mmoja, hivyo mfalme hulazimika kupanda e6 kumlinda farasi huyo, mahali ambapo kete zote nyeupe humfikia. Utetezi upo, lakini kuutafuta huku saa ikikimbia ni adhabu.

Badala yake, farasi wa c6 aende a5 kumshambulia askofu. Mweupe atamtishia mfalme kwa askofu kutoka b5, nawe utaziba kwa kitunda c6; vitunda vikishalana hapo, askofu kwa kawaida hurudi e2, kisha unasukuma h6 kumfukuza farasi. Umepungukiwa kitunda kimoja, lakini kete zako hutoka haraka huku zake zikirudi nyuma, na kwa maoni yangu hiyo ni bei ya haki kabisa. Katika mechi ya telegrafu ya 1890–91, bingwa wa dunia Wilhelm Steinitz alimrudisha farasi h3, na Mrusi Mikhail Chigorin, akicheza nyeusi, akamshinda. Mmarekani Bobby Fischer aliifufua hatua hiyo ya farasi h3 mwaka 1963 dhidi ya Arthur Bisguier na kushinda kwa nyeupe, kwa hiyo utakuwa na mchezo wa kupigania kweli.

Ikiwa nahodha anahitaji utulivu zaidi kwenye ubao wako, toa askofu c5 katika hatua ya tatu badala ya farasi f6, kwani hapo malkia wako huulinda mraba wa g5 na farasi akirukia humo analiwa bure. Kubalianeni juu ya uchaguzi huo kabla ya siku ya mechi, kisha mwombe mwenzako wa ubao wa kwanza akuchezee nyeupe katika njia zote mbili.