Thuram na mabao yake mawili

Mkuu, uliyeuliza kama ni kweli Lilian Thuram aliichezea Ufaransa mechi 142 akafunga mabao mawili tu: ni kweli, na yote mawili aliyafunga siku moja! Nusu fainali ya Kombe la Dunia 1998 dhidi ya Croatia. Davor Suker wa Croatia alitangulia kufunga mara tu baada ya mapumziko, na Thuram ndiye aliyechelewa kupanda na mabeki wenzake, hivyo Suker hakuwa ameotea. Dakika moja baadaye Thuram akasawazisha, dakika ya 70 akaongeza la pili kwa mguu wa kushoto. Beki wa kulia huyo!

Klabu: Monaco, Parma, Juventus, Barcelona. Akastaafu 2008 baada ya kugundulika tatizo la moyo. Marcus Thuram, mshambuliaji wa Inter Milan, ni mwanawe.