Ukisema "sikuwepo", nani anathibitisha?

Ndugu uliyeuliza kama mshtakiwa anayedai kwamba hakuwepo mahali pa tukio ndiye anayepaswa kuithibitishia mahakama alikokuwa, jibu ni hapana. Nalijua kwa sababu niliwahi kusimama kizimbani kwa shtaka la kuiba vifaa katika ghala nililokuwa nikifanyia kazi.

Siku ya kwanza nilimwambia wakili kwamba usiku ule sikufika ghalani, kisha kwa woga nikaongeza kuwa hata kama nilichukua kitu, nilidhani ni changu. Aliweka kalamu mezani akaniambia nichague moja. Utetezi wa kwanza unakana kitendo chenyewe, wa pili unakubali kitendo na kukana nia ya kuiba, na hakimu akiusikia wote kutoka kinywa kimoja huenda asiamini hata mmoja. Anayesema alijihami naye amekwisha kukubali kwamba alipiga. Kinachobaki ni kama hatari ilikuwepo na kama nguvu aliyotumia ililingana nayo.

Kuhusu mzigo wa kuthibitisha, nchi zilizorithi sheria ya Uingereza hufuata kesi ya Woolmington ya mwaka 1935. Kijana huyo alishtakiwa kwa kumuua mkewe kwa bunduki, akasema ilifyatuka kwa bahati mbaya, na jaji akaona ni juu yake kuthibitisha hiyo ajali. Alihukumiwa kunyongwa, lakini rufani ilipofika ngazi ya mwisho hukumu ikatenguliwa: ni upande wa mashtaka unaothibitisha, pasipo kuacha shaka ya maana. Utetezi wa ugonjwa wa akili, tangu kesi ya M'Naghten ya mwaka 1843, ni tofauti: huo mshtakiwa mwenyewe ndiye anayepaswa kuuthibitisha.

Hata hivyo usikae kimya hadi siku ya kujitetea. Mahakama nyingi hutaka taarifa mapema kwamba utadai hukuwepo, pamoja na majina ya mashahidi wako, na ukichelewa dai lako huonekana limetungwa. Sisi tuliitoa kabla ya kesi kuanza kusikilizwa.

Shahidi pekee aliyedai kuniona alikuwa mlinzi, aliyesema alinitambua kwa mwanga wa taa. Katika maswali ya dodoso wakili alimuuliza taa hiyo iko upande gani wa mlango. Akajibu kulia, baadaye kushoto, mwishowe akasema hakumbuki kama ilikuwa inawaka. Hakimu akaamua kwamba sina kesi ya kujibu, na shahidi wangu, aliyesubiri nje tangu asubuhi, akarudi nyumbani bila hata kuapishwa.