Mashine ya kahawa ya kapsuli: anza na kapsuli, mashine baadaye

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Mdogo wangu anafanya kazi Muscat na anakuja likizo Desemba. Ameniahidi mashine ya kahawa ya kapsuli, ile unayoweka kikopo kidogo kimoja chenye kahawa iliyosagwa, unabonyeza, kikombe kinajaa. Anasema nichague kati ya Nespresso na Dolce Gusto. Wakati huohuo wifi yangu aliyeko Houston ana Keurig ambayo haitumii, anataka kunitumia bure. Mimi napenda kahawa ya maziwa, kikombe kikubwa, asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Mume wangu anakunywa kahawa chungu jioni. Umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, na maji ya bomba yana chumvi. Nichukue ipi?

Jibu: Nzuri, Mwalimu. Nashukuru umeuliza kabla mdogo wako hajafika dukani. Wengi nawapata mashine ikiwa tayari mezani kwangu, imefunguliwa, inanuka waya ulioungua.

Nianze na ile ya Houston kwa sababu jibu lake ni fupi: mshukuru wifi, lakini ibaki hukohuko. Umeme wa Marekani ni volti 120, hezi 60 (hezi ni idadi ya mara umeme unavyopishana kwa sekunde). Wetu ni volti 230, hezi 50. Hita ya kuchemshia maji ikipewa volti karibu mara mbili, nguvu inayovuta haiongezeki mara mbili, inakaribia mara nne. Hita ya wati 1,500 inajikuta inataka kuvuta zaidi ya wati 5,000. Niliwahi kuletewa mashine ya kahawa iliyotoka Marekani, mwenyewe akiwa ameichomeka kwa adapta ya kubadili miguu ya plagi. Adapta ile inabadili miguu tu, volti inaziacha vilevile. Nilipofungua nilikuta fyuzi imekatika, ganda la waya wa hita limekuwa kama mkaa, na ubao wa umeme umevimba upande mmoja. Ilikuwa haijatoa hata kikombe kimoja. Ukitaka kuitumia salama itakubidi ununue transfoma ya wati 2,000 au zaidi, ambayo ni chuma kizito na ina bei yake, na bado transfoma haigusi hezi. Halafu Keurig hutengeneza kahawa ya kuchuja, nyepesi, ya kikombe kikubwa cha Kimarekani. Mume wako hatairidhia.

Ya Muscat haina tatizo hilo. Umeme wa Oman ni volti 240, hezi 50, na plagi yao ni ileile ya miguu mitatu bapa tunayotumia hapa. Itoe kwenye boksi, chomeka.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Watu wakiingia dukani huangalia mashine: rangi, umbo, namba ya bar (kipimo cha nguvu ya pampu kusukuma maji) iliyoandikwa kwenye boksi. Mashine utainunua mara moja, kapsuli utanunua kila mwezi kwa miaka yote utakayokuwa nayo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kapsuli zikiisha Machi, mdogo wako akiwa amesharudi kazini, utazipata wapi?

Tupige hesabu ya nyumba yako. Kwa ladha yako utahitaji kapsuli mbili kwa kikombe chako kikubwa, na mume moja. Hizo ni tatu kwa siku, 90 kwa mwezi, 1,080 kwa mwaka. Kapsuli ya kawaida ya espresso, yaani kahawa nzito ya kikombe kidogo, ina kahawa gramu 5 hivi, kwa hiyo zile 90 za mwezi zina gramu 450, hazifiki nusu kilo. Chukua bei ya kapsuli 90 uliyotajiwa Muscat, iweke kando ya bei ya nusu kilo ya arabika nzuri ya Kilimanjaro au Mbinga iliyokaangwa na kusagwa. Tofauti utakayoiona ndiyo bei ya urahisi. Wapo wanaoona inafaa kulipwa, na siwalaumu, maana asubuhi ya mwalimu naijua. Ila ijue kabla, isije ikakushtua mwezi wa pili.

Kwa sababu hiyo napenda uchukue mfumo ambao kapsuli zake hazimilikiwi na kampuni moja. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi: Nespresso ni mifumo miwili isiyoingiliana. Upo wa zamani unaoitwa Original na upo mpya unaoitwa Vertuo. Kapsuli ya mmoja haiingii kwenye mwingine.

Original ndio mzizi wa biashara yote hii. Eric Favre, mhandisi wa Nestlé kule Uswisi, aliubuni miaka ya 1970, na kampuni yenyewe ikaanza kuuza mwaka 1986. Hataza zake za msingi, yaani haki za kisheria za kuzuia wengine wasiuige, zilianza kuisha muda karibu mwaka 2012, na tangu hapo makampuni mengi yanatengeneza kapsuli zinazoingia humo. Zipo za aluminiamu, zipo za plastiki, na zipo za chuma cha pua ambazo unajaza mwenyewe, unaosha, unajaza tena. Vertuo ilitoka mwaka 2014 na inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kapsuli yake huzungushwa kwa kasi hadi mizunguko 7,000 kwa dakika, na mashine husoma alama za mistari zilizochapwa ukingoni ili ijue imwage maji kiasi gani. Inatoa kikombe kikubwa chenye povu zito, kitamu kweli. Lakini kwa mtu wa Dodoma ni kujifunga, kwa sababu karibu kapsuli zote zinatoka mlango mmoja, na kujaza mwenyewe ni kazi ya kubahatisha. Mwambie mdogo wako aitazame vizuri, maana kwenye rafu hukaa jirani.

Dolce Gusto, ambayo ni ya Nestlé pia, ya mwaka 2006, ni mashine rahisi na haina makuu. Inampendeza anayetaka kapuchino, kahawa ya maziwa yenye povu, bila kugusa jiko. Tatizo langu nayo ni lile unalolipenda wewe: maziwa. Kapuchino yake hula kapsuli mbili, moja ya kahawa, nyingine ya maziwa ya unga. Boksi la kapuchino limeandikwa kapsuli 16, ukifungua nyumbani ni vikombe 8. Na wewe uko Dodoma, maziwa ya ng'ombe yanapita mlangoni asubuhi. Hakuna sababu ya kusafirisha maziwa ya unga kutoka Muscat.

Kwa hiyo jibu langu ni Nespresso ya Original, ile ndogo kabisa isiyo na kifaa cha maziwa juu yake. Essenza Mini kwa mfano hubeba maji lita 0.6, inatosha nyumba yenu. Usilipie zaidi kwa ajili ya bar 19 dhidi ya bar 15. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa ya pampu, na espresso hutoka vizuri kwa bar 9 hivi.

Kinachotokea ndani ukikijua kitakusaidia kuitumia. Ukishusha mkono wa mashine, miiba mitatu hutoboa mgongo wa kapsuli. Maji ya moto huingia kwa nguvu, kahawa inavimba, na ule uso wa karatasi ya aluminiamu husukumwa kwenye sahani yenye vinundu mpaka upasuke wenyewe. Hapo ndipo unaposikia mlio wa pampu ukibadilika, unakuwa mzito, kisha kahawa inaanza kushuka kama uzi mwembamba wa asali. Kapsuli za plastiki laini mara nyingine hupinda hapo, zinavuja pembeni au zinakwama zisianguke kwenye kasha. Za aluminiamu sijaziona zikisumbua hivyo.

Kitufe kidogo hutoa mililita 40, kikubwa 110. Usijaze kikombe chako kwa kubonyeza kikubwa kwenye kapsuli ya espresso. Gramu 5 za kahawa zikipitishiwa maji mengi hutoa kwanza utamu, kisha unabaki uchungu mkavu unaokwaruza koo. Toa espresso mbili fupi, uzimiminie maziwa ya moto mililita 150. Maziwa yapashe kwenye sufuria, epua yanapoanza kutoa mvuke kabla hayajachemka, yapige kwa kile kichapio kidogo cha betri. Utapata povu zuri kuliko la kapsuli ya unga.

Mume wako tumpe kapsuli ya kujaza. Agiza mbili za chuma cha pua, moja ikiwa inatumika nyingine inakauka. Hapa usagaji ndio kila kitu. Kahawa iliyotwangwa kwenye kinu kwa ajili ya dele, ile laini kama poda, itaziba kapsuli, pampu itanguruma na kikombe kitapata matone. Iliyosagwa kubwa kama ya kuchuja, maji yatapita mbio na utapata maji ya rangi. Muombe msagaji aisage laini kidogo kuliko chumvi ya mezani. Jaza gramu 5, sawazisha kwa kidole bila kuisindilia, futa ukingo usibaki hata chembe, kisha funga. Kikombe cha kwanza na cha pili vinaweza kukuangusha. Badilisha usagaji kidogo, cha tatu kitakuja. Na tafadhali, Africafe au kahawa yoyote ya kuyeyuka isiingie humo. Inayeyuka, inaganda kama gundi kwenye njia za maji, na kuisafisha ni kufungua mashine nzima.

Nikuambie na hili kwa moyo mweupe: kama mume wako anapenda kahawa chungu ya vikombe vidogo, ile ya kunywa na kashata, mashine hii haitampa. Espresso ni kinywaji kingine. Dele lenu msiligawe.

Maji. Umesema yana chumvi, na kwa Dodoma nakuelewa, mji umeishi miaka mingi kwa visima vya Makutupora. Lakini tofautisha mambo mawili. Chumvi unayoionja ulimini inaharibu ladha ya kahawa. Ugumu wa maji, ambao huuonji, ndio unaoua mashine. Angalia ndani ya birika lako la umeme. Ukiona ukoko mweupe mgumu chini, hiyo ni chokaa, na ndani ya mashine njia ya maji ni nyembamba kuliko mrija wa kalamu. Mashine nyingi ninazoambiwa "pampu imekufa" pampu yake ni nzima. Nachokonoa kwa sindano kwenye mdomo wa hita, inatoka chokaa kama vipande vya ganda la yai.

Kuchemsha husaidia kwenye ugumu: chemsha, acha yatulie usiku kucha, mimina ya juu, ukoko uache chini. Chumvi ya ulimini haiondoki kwa kuchemsha, itabaki palepale. Kwa hiyo kwa kahawa peke yake ningetumia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, au ya chupa. Kikombe kimoja ni mililita 40, chupa ya lita moja na nusu inakutosha zaidi ya wiki hata ukihesabu ya kusuuzia. Dawa ya kuondoa chokaa mdogo wako ainunue pamoja na mashine, uitumie kila miezi mitatu ukitumia maji ya bomba, miezi sita ukitumia ya chupa. Siki usiweke. Harufu haitoki, na mipira ya kuziba haiipendi.

Umeme wa Luku usikutie hofu. Mashine ya wati 1,260 inayofanya kazi dakika moja kwa kikombe haifikishi uniti 2 kwa mwezi kwa vikombe vyenu vitatu. Hofu iwe ule umeme unaorudi kwa kishindo. Watu huchukua kifaa cha kulinda friji wakachomeka mashine ya kahawa humo. Soma maandishi yake: vingi vya friji ni vya ampea 5, na mashine hii huvuta ampea 5 na nusu inapopasha. Kitaungua kifaa badala ya kulinda. Nunua cha ampea 13. Na mkimaliza kunywa, chomoeni plagi. Ni tabia ndogo, imeokoa mashine nyingi kuliko mimi.

Mwisho ni mzigo. Kapsuli 1,080 za mwaka ni zaidi ya kilo 6 kabla ya kuhesabu maboksi, na nyingi hukaa vizuri mwaka mmoja tu, kwa hiyo asijaze begi. Alete 200 za kuanzia, mbili za kujaza, na dawa ya chokaa. Akiwa dukani mwambie akupigie simu ya video, aigeuze mashine tumbo juu, mkisome kile kibandiko pamoja. Kinatakiwa kiandikwe 220–240V, 50/60Hz. Halafu amwombe muuzaji aichomeke palepale, apitishe maji matupu bila kapsuli, usikie pampu inavyolia kabla hajalipa.