Koo la pili la kabureta halipimwi gari likiwa limesimama

Kwa karibu miaka miwili Hilux yangu ya mwaka 1986 ilikuwa inapanda mlima wa Kitonga kwa gia ya kwanza. Malori yenye shehena ya Mbeya yananifikia kwa nyuma, nami nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inanguruma tu na gari halivuti. Ukiniuliza kuhusu Chalinze hadi Mikumi, nilikuwa sina malalamiko: mngurumo wa injini gari likiwa limesimama umetulia, haimisi, haitoi moshi. Ugonjwa ulikuwa mlimani.

Fundi wa kwanza alisema ringi zimeisha. Wa pili akanibadilishia plagi na pampu ya mafuta. Wa tatu alifungua boneti, akapiga resi mara tatu nne huku akichungulia kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, kisha akaniambia, "Bosi, koo la pili halifunguki kabisa. Hii kabureta imekufa, tafuta nyingine." Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei. Bahati nzuri rafiki yangu ana gari lenye injini ileile ya 22R, ya cc 2,366, na lake linapanda milima bila taabu. Tukafungua boneti yake, tukapiga resi. Koo la pili nalo halikufunguka.

Fundi yule alikuwa sahihi kwamba koo langu la pili lina tatizo, ila alifika huko kwa kipimo ambacho kingelihukumu hata gari lisilo na ubovu. Ndiyo maana naandika haya, kwa sababu kabureta nyingi nzuri zinatupwa kwa kipimo hicho.

Kabureta ya makoo mawili, yaani njia mbili za kupitisha hewa, ina koo la kwanza, dogo, linalofanya kazi muda wote, na koo la pili, pana zaidi, linalofunguka injini inapodai hewa nyingi. Suala ni nani anayelifungua. Kwenye kabureta kama Weber 32/36, ambayo watu wengi wenye magari ya zamani huifunga badala ya ile ya kiwandani, kazi hiyo inafanywa na vyuma: pedeli ikifika takriban theluthi mbili ya safari yake, kikono kinaanza kuvuta kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga koo, cha koo la pili. Kuikagua hii hakuhitaji hata kuwasha injini. Toa kifuniko cha filta ya hewa, mwambie mtu akanyage pedeli mpaka chini, chungulia. Vipepeo vyote viwili vinatakiwa kusimama wima. Kama cha pili kimeishia njiani, angalia kwanza kebo ya mafuta na zulia la miguuni kabla hujalaumu kabureta. Nimewahi kuona pedeli ambayo haifiki chini kwa sababu ya zulia nene tu.

Kabureta ya 22R ni ya aina nyingine. Koo la pili linafunguliwa na kiwambo cha mpira kinachovutwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Na hiyo vakyumu haitoki kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, inatokana na kasi ya hewa inayopita kwenye sehemu nyembamba ya koo. Injini ikiwa haina mzigo, inafika kwenye mizunguko mikubwa kwa hewa kidogo sana, hivyo kiwambo hakipati mvuto wa kuishinda springi yake. Weka gari kwenye gia, lipe mlima na mzigo, pedeli iwe chini, hapo ndipo hewa inapita kwa kasi ya kutosha na koo la pili linafunguka taratibu kadiri injini inavyodai. Kwa hiyo usisubiri kusukumwa mgongoni. Koo la pili la vakyumu likifanya kazi vizuri husikii mruko wowote, unaona tu gari linaendelea kuvuta pale ambapo lingechoka.

Nilianza na injini ikiwa imezimwa na imepoa. Nilitoa chombo cha filta, na nati yake nikaitia mfukoni papo hapo. Nawasihi mfanye hivyo, maana nati ikidondokea kooni unaweza kulazimika kushusha silinda hedi. Kisha nikafungua kipepeo cha kwanza kwa mkono mpaka mwisho, kwa sababu kabureta nyingi za aina hii zina kikono kinacholifungia la pili mpaka la kwanza liwe limefunguka vya kutosha. Ukiwa umelishika hivyo, sukuma kwa kidole mkono wa koo la pili. Unatakiwa kwenda laini hadi mwisho, na ukiuachia urudi wenyewe na kufunga kabisa.

Wangu haukusogea. Nikaleta tochi. Mkono ulikuwa umefungwa kwa waya wa kufungia nondo, waya wenye kutu, wa miaka mingi. Mtu fulani kabla yangu aliambiwa kwamba atabana mafuta.

Nalichukia sana jambo hili. Koo la pili la vakyumu halifunguki ukiwa unatembea taratibu mjini, kwa hiyo ukilifunga huko huokoi hata tone. Unachopunguza ni nguvu unapopita lori au unapopanda mlima, na hapo dereva analazimika kurudi gia ya chini na kukanyaga mpaka mwisho kwa muda mrefu zaidi. Ukinunua gari la zamani, kagua hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Nilikata waya, lakini ekseli ya kipepeo ilikuwa imeganda kwa utando wa petroli ya zamani. Dawa ya kusafishia kabureta na subira viliiachia, nikawa naichezesha kwa kidole bila kutumia koleo. Nikaenda kuijaribu barabarani. Hakuna badiliko.

Kilichobaki kilikuwa kiwambo. Kukipima ni rahisi kikishatolewa: sukuma fimbo yake mpaka ndani, ziba tundu la vakyumu kwa kidole, halafu uachie fimbo. Kiwambo kizima kinaishikilia fimbo ilipo mpaka uondoe kidole. Changu kilirudi mara moja. Nilipokiinua kwenye mwanga wa jua nikaona ufa kwenye mkunjo. Nilikipata kipya kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kabureta niliyokuwa nikiulizia.

Jaribio la mwisho ni la barabarani, na wenye magari ya Kimarekani yenye kabureta za Holley za vakyumu hulifanya kwa kibanio cha karatasi. Mimi nilitumia waya mwembamba laini. Unauzungusha kwenye fimbo ya kiwambo, ukaze kiasi cha kubaki mahali pake lakini uweze kuteleza, kisha unausogeza mpaka uguse nyumba ya kiwambo. Fimbo ikivutwa ndani, waya unazuiwa na unateleza kuelekea chini. Ukirudi unaona mwanya, na mwanya huo ndio urefu wa safari ya fimbo. Linganisha na safari yake kamili uliyoipima kwa mkono. Chagua mlima usio na magari mengi, na mtu asiinamie kabureta injini ikiwa inafanya kazi, maana inaweza kurudisha moto usoni.

Waya usiposogea kabisa, rudi kwenye kiwambo, tundu lake na gasketi. Ukisogea lakini gari likajikwaa kwanza ndipo livute, ama springi ni dhaifu na koo linafunguka mapema mno, ama jeti, yaani tundu la kupitishia petroli, ya koo la pili imeziba, hewa inaingia bila petroli. Usikate springi ili lifunguke haraka. Na kama gari linaanza mlima kwa nguvu halafu linakata baada ya muda, huo kwa kawaida si ugonjwa wa koo la pili. Petroli haifiki kwa wingi unaotakiwa, kagua filta na pampu.

Jumamosi moja nilipakia magunia sita ya mahindi nyuma, nikaweka waya wangu, nikatoka Mikumi mapema. Kitonga niliianza kwa gia ya tatu, kwenye kona kali nikashuka ya pili, na sikuigusa ya kwanza. Nilijizuia kusimama njiani. Nilipofika Ilula, penye nyanya na vitunguu, ndipo nilipofungua boneti: waya ulikuwa umeshuka karibu robo tatu ya safari ya fimbo.