Ukishaitaja Tamathali, Eleza Kazi Yake

Katika kusahihisha uhakiki wa wanafunzi wa sekondari, hukutana mara kwa mara na sentensi ya namna hii: "Mwandishi ametumia tashihisi, takriri na tashbihi." (Hizo ni tamathali, yaani mbinu za lugha: tashihisi hukipa kisicho mtu sifa za mtu, takriri ni urudiaji, na tashbihi ni ulinganishi wa wazi.) Mifano hufuata, na hoja huishia hapo. Orodha yenyewe huwa sahihi, ila haisemi lolote kuhusu maandishi yanayohakikiwa. Anayeniuliza afanyeje, humpa kwanza zoezi la methali, kwa kuwa methali ni fupi na kila neno lake lina kazi.

Tuchukue "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza," kisha tuiandike kwa lugha kavu: "Aliyeshiba hulewa, mwenye njaa hulegea." Ujumbe umebaki, lakini sasa mtu ndiye mtendaji, ilhali katika methali yeye ndiye anayetendwa, na shibe na njaa ndizo zinazomtawala, hiyo ndiyo kazi ya tashihisi. Takriri ya "mwana", pamoja na "malevya" na "malegeza" yanayoanza kwa sauti zilezile, huzifanya hali hizo mbili zionekane ndugu, na kwa hiyo ukinzani wake humshtua msomaji, maana kumbe zote mbili humdhoofisha mtu. Mbinu hizo hufanya kazi kwa pamoja, na ndiyo sababu sipendi zigawanywe aya kwa aya.

Njia hiyo inafaa hata kwa kazi ndefu. Katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, mshitakiwa anaitwa Karama na waziri anayemshitaki anaitwa Majivuno. Kuandika kwamba hayo ni majazi, yaani majina yanayoeleza tabia za wahusika, hakutoshi. Hebu waite Juma na Hamisi: kesi ni ileile, lakini msomaji atalazimika kusikiliza hoja za pande zote mbili kabla ya kuamua nani ana haki, jambo ambalo majina ya mwandishi yamekwisha kumwamulia. Binafsi naona hilo lina hasara yake, kwani hupunguza taharuki, ingawa katika istiara, yaani hadithi yenye maana ya ndani, kuhusu utawala dhalimu hasara hiyo inavumilika. Mhakiki ana ruhusa ya kunipinga, mradi atumie matini yenyewe.

Kuhusu kinaya na kejeli, ambazo huchanganywa kila mwaka: kejeli humlenga mtu kwa dharau, ilhali kinaya ni mambo kwenda kinyume na matarajio. Ukikwama kati ya majina hayo mawili, andika kwanza athari uliyoiona, ndipo uchague jina.